Gesi ipo lakini haiwaki: kutafuta kinachokosekana ndani ya mtambo wa biogesi

Mtambo wa biogesi unaolishwa mabaki ya chakula una ugonjwa wake, na Dar es Salaam ugonjwa huo huja kwa sura ile ile, uwe wa hoteli, wa shule au wa nyumbani. Mtambo huanzishwa kwa mavi ya ng'ombe na moto unakuwa wa bluu. Kisha mavi yanaachwa, kwa kuwa kuyabeba ni gharama na makapi ya chakula yapo tele: ugali na wali wa mama ntilie, maganda ya ndizi ya Mabibo, matunda yaliyolainika ya Buguruni. Kwa miezi mitatu au minne gesi inatosha na kubaki. Baada ya hapo geji bado inapanda lakini jiko linakataa kushika moto, tope linanuka siki, na mwenye mtambo anaambiwa amwage chokaa. Chokaa inasaidia. Siku chache baadaye hali inarudi pale pale, na safari ya pili chokaa inayotakiwa ni nyingi zaidi.

Mwongozo huu ni wa mitambo ya aina hiyo, yenye tope la m³ 6 hadi 50, isiyo na kichanganyio wala kipasha joto. Chokaa hupunguza makali ya asidi iliyokwisha kulundikana, basi, haigusi kilichoilundika. Na mara nyingi kilichoilundika ni uhaba wa metali chache, hasa nikeli, kobalti na seleni, ambazo vijidudu vya methani, yaani vinavyotengeneza ile gesi inayowaka, hawawezi kufanya kazi bila hizo. Hata hivyo usianze na metali. Kuna sababu tano rahisi zaidi zinazofanana nayo, na kuzitoa njiani kunachukua siku chache tu.

Yatoe kwanza haya

Uvujaji. Funga valvu kuu iliyo juu ya kuba usiku kucha, na majiko yote yafungwe. Geji iliyo upande wa jikoni ikishuka, bomba linavuja. Pitisha povu la sabuni kwenye kila kiungo. Geji ikikaa vilevile, nenda kwenye chemba ya kutokea tope upime kina. Gesi inapojaa ndani ya kuba, tope husukumwa na kupanda kwenye chemba. Likipanda hadi alama ile ile kila siku kisha likasimama, chini ya mdomo wa kufurikia, kuba lina ufa. Lisipopanda kabisa, gesi haizalishwi.

Kulisha kupita kiasi. Mtambo usiochanganywa wenye tope la m³ 10 uchukue takriban kilo 65 za mabaki ya chakula kwa siku, si zaidi. Mabaki hayo yana kama asilimia 22 ya kinachoweza kuoza, kwa hiyo ni karibu kilo 1.5 kwa kila m³ ya tope kwa siku. Vijidudu vinavyotengeneza asidi huongezeka kwa saa. Vinavyokula asidi huongezeka kwa siku. Jumatatu ukimwaga makapi ya harusi mbili za mwisho wa wiki, kundi la kwanza linakimbia na la pili linabaki nyuma. Acha kulisha kwa siku tano. Kama pH (kipimo cha uchachu: ikishuka chini ya 7, tope lina asidi) inarudi yenyewe bila dawa yoyote, tatizo lilikuwa ni wingi wa chakula.

Sumu. Maganda ya machungwa yana mafuta ya limonini yanayoua vijidudu vya methani. Yasizidi moja ya kumi ya malisho. Machicha ya nazi yana asidi ya lauriki, nayo ni mbaya kuliko asidi nyingi za mafuta. Mafuta machafu ya chipsi huganda juu na kuvizingira vijidudu. Maji yenye klorini ya kusafishia sakafu yasielekezwe mtamboni hata kidogo, na mavi ya ng'ombe aliyechomwa antibayotiki yasubiri wiki mbili.

Chumvi. Visima vingi vya pwani ya jiji vina maji ya chumvi, na chakula kilichopikwa nacho kina chumvi yake. Sodiamu ikifika gramu 3.5 hadi 5.5 kwa lita ya tope, uzalishaji unapungua. Ikikaribia gramu 8 unakaribia kusimama. Mita ndogo ya kupima chumvi ya maji inatosha kukuonyesha kama kisima ndicho adui. Kama ndicho, changanyia maji ya mvua au maji ya bomba.

Amonia. Hii ni ya wanaolisha vichwa na matumbo ya samaki kutoka Feri, damu ya machinjioni au mavi ya kuku. Tope linanuka mkojo, siyo siki, na pH iko juu ya 7.5. Nitrojeni ya amonia ikipita mg 3,000 kwa lita, punguza protini na ongeza maji. Tutairudia, maana amonia nyingi huongeza pia njaa ya seleni.

Dalili inayoelekeza kwenye metali

Baada ya kuyatoa hayo, angalia kama unaona mambo haya yakiwa pamoja. Mtambo ulianza kwa mavi, kisha ukahamia kwenye chakula peke yake au karibu peke yake. Kuanguka hakukuwa kwa ghafla, kulichukua wiki. Kupunguza chakula kunasaidia, lakini ukirudisha kiwango cha zamani, ambacho mtambo ulikuwa unakibeba bila shida, unachacha tena. Na chokaa inashika kwa siku chache tu.

Muda wenyewe ni ushahidi. Mtambo wenye tope la m³ 10 unaoingiziwa lita 250 kwa siku, chakula na maji yake, hubadilisha tope lake kwa siku 40. Kitu kilichoyeyuka ambacho hakiingizwi tena kitabaki asilimia 37 baada ya siku 40, asilimia 14 baada ya siku 80 na asilimia 5 baada ya siku 120. Metali nyingi zimejishika kwenye matope ya chini, kwa hiyo hupotea polepole kuliko hapo, lakini picha ni hiyo: akiba iliyoletwa na mavi ya kwanza inaisha mwezi wa nne au wa tano. Mtambo uliochacha wiki ya pili hauna njaa ya metali. Umelishwa vibaya, au ulianzishwa na mbegu kidogo, yaani mavi machache ya kuanzia.

Kipimo cha pili ni gesi yenyewe. Gesi inayopandisha geji lakini haiwaki ni kabonidioksaidi nyingi: vijidudu vya asidi vinafanya kazi, vya methani vimelala. Chukua bomba la sindano la ml 60 lisilo na sindano, vuta ml 40 za gesi kutoka kwenye mpira wa jiko baada ya kuiacha itoke kidogo kuondoa hewa. Kisha vuta ml 10 za kostiki soda (gramu 100 katika lita moja ya maji), ziba kwa kifuniko cha mpira, tikisa dakika moja. Kostiki inakula kabonidioksaidi. Toa maji nje, soma gesi iliyobaki. Ml 22 hadi 26 ni mtambo mzima, yaani methani asilimia 55 hadi 65. Chini ya ml 18 moto hautashika. Vaa glovu na miwani. Kostiki ikiruka jichoni ni hospitali.

Pima asidi, usinuse tu

pH ni kipimo cha kuchelewa. Tope lina uwezo wa kumeza asidi bila pH kusogea, na uwezo huo ukiisha ndipo pH inaporomoka siku moja hadi nyingine. Ukiona 6.5 umeshachelewa wiki mbili. Kipimo cha mapema ni uwiano wa asidi kwa uwezo huo wa kuimeza, na kinahitaji mita ya pH, bureti (bomba lenye alama za ml la kudondoshea) na asidi ya salfuriki ya nguvu ya 0.1 N.

Chuja tope kwa kitambaa, pima ml 20. Dondoshea asidi taratibu huku unakoroga mpaka pH ifike 5.0, andika ml ulizotumia, ziite A. Endelea mpaka 4.4, ml za nyongeza ziite B. Uwezo wa kumeza ni A × 250. Asidi ni (B × 1.66 − 0.15) × 500. Gawanya ya pili kwa ya kwanza.

Mfano: A ikiwa ml 18 na B ml 1.6, uwezo ni 4,500, asidi ni 1,253, uwiano 0.28. Huo ni mtambo unaokula vizuri. A ikiwa 14 na B 4.0, uwezo ni 3,500, asidi 3,245, uwiano 0.93, na hapo hata kama pH bado inasoma 7.0 usilishe kitu. Kwa ujumla chini ya 0.4 endelea, 0.4 hadi 0.6 punguza nusu, juu ya hapo simamisha. Pima mara mbili kwa wiki, siku zile zile, kabla ya kulisha. Namba moja peke yake haina maana. Mwelekeo wa wiki tatu ndio unaosema.

Metali hizo zinafanya nini humo ndani

Kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia ndani ya kijidudu, ni fundi, na kofakta, kijenzi kidogo kinachoisaidia, ni spana iliyo mkononi mwake: fundi anaweza kuwepo kazini, lakini bila spana nati haifunguki. Kofakta nyingi za vijidudu vya methani zimejengwa kuzunguka chembe moja ya metali, na metali hiyo haiwezi kutengenezwa na kijidudu. Lazima iingie na chakula.

Fuata asidi ya asetiki, ile ya siki, ambayo ndiyo chanzo cha takriban asilimia 70 ya methani katika mtambo wa kawaida. Kijidudu cha jamii ya Methanosarcina au Methanothrix huikata vipande viwili kwa kimeng'enya chenye nikeli na chuma. Kipande chenye kaboni na haidrojeni tatu, yaani methili, kinadakwa na kofakta ya jamii ya vitamini B12, ambayo moyo wake ni kobalti. Kinapokezwa hadi kwenye koenzaimu M (kofakta ndogo inayobeba methili), tena kwa msaada wa kobalti. Kisha kinafika kwenye hatua ya mwisho, ambako kuna kofakta F430, yenye rangi ya njano na chembe moja ya nikeli katikati. Hapo methili inaunganishwa na haidrojeni kutoka koenzaimu B, na methani inatoka. Koenzaimu M na B zinabaki zimeshikana kwa salfa, na kimeng'enya chenye chuma ndicho kinachozitenganisha zitumike tena.

Njia nyingine, ile ya haidrojeni na kabonidioksaidi, inaanza tofauti. Kabonidioksaidi inashikwa na kofakta iitwayo methanofurani kwa kimeng'enya chenye molibdeni au tungsteni, elektroni zinabebwa na kofakta F420, lakini mwisho ni ule ule: F430. Ndiyo maana nikeli haina mbadala. Kila chembe ya methani iliyotoka mtamboni, kwa njia yoyote, imepita kwenye nikeli. Kwamba F430 ina nikeli ilijulikana mwaka 1980 tu, na koenzaimu M ilielezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo si ajabu kwamba ramani nyingi za mitambo ya kijijini hazitaji metali hata mara moja. Wala hazikuhitaji kuzitaja: zilichorwa kwa ajili ya mavi ya ng'ombe.

Seleni inaingia kwa mlango wa pembeni. Asidi ya propioni, asidi nyingine inayotokana na chakula kinachooza, haiwezi kuliwa mpaka haidrojeni na fomati (chumvi ya asidi ya fomiki) zinazotokana nayo ziondolewe haraka na vijidudu vingine, na vimeng'enya vya kuondoa fomati mara nyingi vina seleni pamoja na molibdeni au tungsteni. Seleni ikipungua, propioni inabaki. Amonia ikiwa juu, vijidudu vinavyokula asetiki moja kwa moja vinadhoofika na kazi inahamia kwenye njia ya haidrojeni, kwa hiyo mahitaji ya seleni yanapanda wakati ule ule ambapo mtambo una shida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliripoti mwaka 2012 kwamba mtambo wa mabaki ya chakula unaolishwa kwa kiwango cha wastani unahitaji angalau mg 0.16 za seleni na mg 0.22 za kobalti kwa lita ya tope. Waliongeza onyo: seleni ikizidi mg 1.5 kwa lita, yenyewe inageuka sumu.

Kwa nini chakula cha binadamu ni maskini hivyo? Mahindi na mchele havihitaji kobalti kukua, kwa hiyo haviihifadhi. Ng'ombe anakula majani yenye udongo, analamba chumvi ya madini, na tumbo lake lenyewe ni mtambo wa methani wenye vijidudu vya jamii ile ile. Mavi yake yana metali na pia kofakta zilizokwisha tengenezwa, zimo ndani ya vijidudu vilivyokufa, na vingine huziokota zikiwa tayari.

Jaribio la chupa kabla ya kutibu mtambo mzima

Kupeleka tope maabara kupimwa jumla ya nikeli na kobalti kunawezekana Dar, lakini matokeo yanaweza kukudanganya. Maabara inayeyusha kila kitu kwa asidi kali na kusoma jumla. Vijidudu hawana asidi kali. Nikeli iliyofungwa na salfidi (salfa ile inayonuka mayai viza) inasomeka kwenye karatasi, ila haipatikani mdomoni. Jaribio la chupa linauliza vijidudu wenyewe.

Tafuta chupa tisa za maji za lita 1.5. Kila moja weka lita moja ya tope kutoka katikati ya mtambo, si la juu wala la chini, lililokorogwa kwenye ndoo moja ili zote zifanane. Ongeza gramu 10 za uji wa mabaki ya chakula uliosagwa. Chupa tatu ziache hivyo. Tatu ziongeze metali (ml 0.1 ya kila moja ya chupa A na B zilizoelezwa chini, pimia kwa bomba la sindano la insulini). Tatu za mwisho ziongeze ml 50 za maji ya mavi mabichi yaliyochujwa kwa kitambaa. Katika zile sita nyingine weka ml 50 za maji ya kawaida ili ujazo ulingane. Toboa vifuniko, pitisha mpira mwembamba wa dripu, ziba kwa gundi, na upeleke mwisho wa mpira chini ya chupa iliyopinduliwa ndani ya ndoo ya maji yenye chumvi na siki kidogo. Gesi itasukuma maji. Unasoma kwa alama za kalamu. Weka chupa zote kivulini, mahali pamoja. Usifunge chupa bila mpira wa kutolea gesi.

Soma kila siku kwa siku 14. Maji ya mavi yaliyochujwa yatatoa gesi yake kidogo, usishangae na tofauti ndogo. Zenye metali zikizipita zile tupu kwa robo au zaidi, na chupa tatu za kila kundi zikikaribiana, umepata jibu. Zenye mavi zikipanda lakini zenye metali zikalingana na zile tupu, kinachokosekana ni vijidudu wenyewe, au metali zako zinanaswa na salfidi mara tu zinapoingia. Makundi yote matatu yakiwa chini, rudi kwenye sumu na chumvi.

Kuna wanaouliza kama tochi ya kukagulia noti inaweza kuonyesha F420, kwa kuwa kofakta hiyo hung'aa kwa rangi ya bluu-kijani inapomulikwa. Chini ya hadubini yenye taa maalumu, ndiyo, na ni njia nzuri ya kuvitambua vijidudu vya methani. Kwenye ndoo ya tope jeusi hutaona kitu.

Tiba ya kwanza: mavi

Kwa mtambo wa nyumbani au wa shule, usinunue kemikali. Rudisha mavi mabichi, robo hadi theluthi ya uzito wa malisho: kwa mtambo wetu wa m³ 10, kilo 15 hadi 20 za mavi na kilo 45 hadi 50 za chakula. Yanapatikana kwenye mazizi ya Kigamboni na Pugu. Yasiwe yaliyokaushwa juani. Taka za tumbo la ng'ombe kutoka machinjio ya Vingunguti ni nzuri pia, ila zina nyasi ndefu zinazopanda juu na kufanya utando mgumu. Zikate au zichuje.

Anza tope likiwa limepumzika. Simamisha chakula, weka mavi peke yake kilo 20 kwa siku kwa wiki moja, pima uwiano, kisha rudisha chakula kidogo kidogo: kilo 10 kwa siku wiki ya kwanza, ukiongeza kilo 10 kila wiki mradi uwiano uko chini ya 0.4. Asetiki itashuka ndani ya wiki moja au mbili. Propioni ni mkaidi, huchukua zaidi, na ndiyo inayowafanya watu wakate tamaa wakati mtambo umeshaanza kupona.

Kwa wanaofikiria chumvi ya kulamba ng'ombe au premiksi ya kuku (mchanganyiko wa madini na vitamini) kutoka duka la pembejeo: zina kobalti na seleni, lakini kwa kawaida hazina nikeli, na zina shaba na zinki nyingi. Shaba ikizidi inaua. Hatuzipendekezi.

Tiba ya pili: kupima metali kwa mzani

Hii ni ya mitambo mikubwa isiyoweza kupata mavi, na ya mtu mwenye mzani wa kusoma gramu 0.01. Kemikali hizi zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, uulize kibali. Vumbi la chumvi za nikeli na kobalti husababisha saratani likivutwa, na seleni ni sumu kali ukiila. Glovu, barakoa, na chombo kisichorudi jikoni.

Tengeneza chupa mbili, kila moja lita 1 ya maji ya mvua au yaliyochemshwa.

Chupa A: kobalti kloridi yenye maji sita (CoCl2·6H2O) gramu 8, nikeli kloridi yenye maji sita (NiCl2·6H2O) gramu 20.

Chupa B: selenaiti ya sodiamu isiyo na maji (Na2SeO3) gramu 4.4, molibdeti ya sodiamu (Na2MoO4·2H2O) gramu 5, tungsteti ya sodiamu (Na2WO4·2H2O) gramu 3.6.

Usizichanganye chupa hizo zikiwa nzito. Zinagandishana na kutulia chini kama unga. Soma lebo ya selenaiti: ikiwa na maji matano, gramu zinakuwa 6.7. Vipimo hivi vinampa kila m³ ya tope gramu 0.2 za kobalti, 0.5 za nikeli na 0.2 za seleni, molibdeni na tungsteni kila moja.

Kwa m³ 10 za tope, lita nzima ya A na lita nzima ya B ndiyo dozi ya kuanzia. Igawe siku tano, ml 200 za kila chupa kwa siku, A asubuhi na B jioni, kila moja ikiwa imeyeyushwa kwenye ndoo ya maji na kupitia mlango wa malisho. Baada ya hapo ni ml 100 za kila chupa kwa kila m³ ya malisho. Anayeingiza lita 250 kwa siku anaweka ml 25 na ml 25. Usirudie dozi ya kuanzia eti kwa sababu wiki imepita bila moto: seleni inalundikana, na mipaka yake ni ile tuliyoitaja.

Metali zimewekwa, hali haibadiliki, na gesi inanuka mayai viza

Salfidi imezinasa. Nikeli na kobalti hushikana na salfidi na kuwa unga mweusi usioyeyuka, na hapo kuongeza dozi ni kumwaga fedha. Salfidi inatoka kwenye protini (samaki, mayai, maharage) na kwenye salfeti ya maji ya chumvi. Maji ya bahari yana gramu 2.7 za salfeti kwa lita, kwa hiyo kisima kilichoingiliwa na bahari kina adhabu mbili. Dawa ni chuma, kinachoichukua salfidi kabla haijazifikia metali adimu. Feri kloridi (FeCl3·6H2O) gramu 240 kwa m³ ya malisho inatoa takriban gramu 50 za chuma. Inaongeza asidi kidogo kwenye tope, kwa hiyo isiwekwe wakati uwiano uko juu ya 0.4. Subiri wiki moja, kisha rudisha A na B.

Kichujio cha vumbi la chuma kwenye bomba la jikoni, lile la mafundi wa Gerezani lililopata kutu, kinalinda jiko na pua. Hakisaidii chochote ndani ya mtambo, kwa kuwa gesi ikifika hapo salfidi imeshafanya kazi yake.

Chokaa: lini, kiasi gani

Bado ina nafasi: kuokoa mtambo uliofika pH 6.2 usife kabla tiba haijafanya kazi. Gramu 500 za chokaa iliyozimwa kwa m³ ya tope, ikiwa imekorogwa kwenye maji mengi, kwa siku mbili, na usimame pH ikifika 6.8. Ukipita hapo chokaa inakula kabonidioksaidi na kugeuka mawe chini ya mtambo, na presha ndani ya kuba inaweza kushuka hadi kuvuta hewa. Wakati wa kuweka, fungua valvu ya jikoni ikiwa tu una uhakika hakuna moto karibu. Magadi yanapandisha pH taratibu zaidi, ila yanaleta sodiamu. Kwa mtambo wa kisima cha chumvi, chagua chokaa.

Tope linalotoka

Anayetumia metali kwa vipimo hivi anaweza kuendelea kumwagilia mchicha kwa tope, mradi alizimue na asilimwage bustani moja mwaka mzima. Aliyekosea na kuweka mara kumi ya dozi asilipeleke kwenye mboga. Alilaze kwenye shimo lililosakafiwa, apime seleni na nikeli maabara, na aulishe mtambo kwa chakula na maji bila A wala B kwa siku 80 kabla ya kupima tena.